Imbuga aliwezaje jukwaa, runinga na riwaya? Na mimi niliye Kisumu nianzie wapi?

NyarManyatta (Kisumu)

Hamjambo wote. Naomba msaada wa walio na uzoefu wa kuandika, hasa mlioko huku Nyanza, Magharibi na Nakuru.

Mchana nashona nguo Kondele, usiku naandika. Nimeziandikia shule kadhaa za upili michezo ya tamasha la drama, na mmoja ulifika ngazi ya Nyanza. Nilipewa nauli na chakula cha mchana, na jina lililosomwa kwenye kipaza sauti lilikuwa la mwalimu. Iliniuma na bado inaniuma, lakini mchezo wenyewe naupenda na sitaki ufie hapo. Unahusu mjane wa ufuoni Dunga aliyeachiwa boti na mumewe, na shemeji anayeitaka hiyo boti.

Sasa kuna kijana hapa mjini mwenye kamera nzuri, anataka tuugeuze kuwa filamu. Dada yangu mkubwa anasema niachane na filamu niandike riwaya, kwani riwaya ikiteuliwa shuleni mwandishi anapata mrabaha wa maana. Kiongozi wa kikundi chetu cha kanisa naye anasema nibaki na jukwaa, ndiyo kazi ninayoijua.

Katikati ya ushauri huo wote nimekuwa nikimfikiria marehemu Francis Imbuga. Alikuwa wa hapa karibu tu, Maragoli, na aliandika vya jukwaani, vya runinga na riwaya pia. Aliwezaje? Alianza na kipi? Na je, ni lazima nihamie Nairobi? Nina watoto wawili wanaosoma hapa, kwa hivyo siwezi kuamka tu nikafunga virago.

Kipanga_wa_Milimani

Dada, ukitaka runinga nenda Nairobi. Stesheni ziko huko, watayarishaji wako huko, pesa ziko huko. Nilijaribu kutoka hapa Kisumu nikachoka. Nakuambia kwa nia njema kabisa.

MwalimuMstaafu_Mbale

Mwanangu NyarManyatta, pole kwa hilo la jina. Kwanza nimzungumzie Imbuga, maana kutoka hapa Mbale hadi kwao Chavakali ni mwendo mfupi wa matatu, na vitabu vyake nimevifundisha tangu nilipoajiriwa hadi nilipostaafu. Shuleni nilikuwa pia mlezi wa chama cha drama, kwa hivyo baadhi yake nimeviweka jukwaani na wanafunzi wangu.

Alizaliwa mwaka 1947 kijijini Wenyange, Maragoli. Alisoma Alliance, akaenda Chuo Kikuu cha Nairobi, na baadaye Iowa kule Marekani kwa uzamifu. Alifundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta miaka mingi, akafundisha Rwanda pia, na alifariki Novemba 2012. Hayo utayapata kwenye jalada lolote. Watu hupita haraka juu ya runinga, na ndiyo uliyoiuliza.

Kabla jina lake halijawa la kitabu cha shule, Imbuga alikuwa mwigizaji na mwandishi wa michezo ya runinga. Aliiandikia Sauti ya Kenya, stesheni ya taifa iliyokuja kuwa KBC mwaka 1989, makumi ya michezo, na mwenyewe akaigiza. Hebu fikiria hilo linamfanyia nini kijana anayejifunza kazi. Studio haina nafasi ya umati wala ya vita. Una watu wachache, chumba kimoja au viwili, na mtazamaji anayeweza kuinuka aende jikoni wakati wowote. Kila neno la mhusika lazima limguse mwenzake ajibu, na jibu lizae neno jingine. Tena ikiwa maneno uliyoyaandika utayatamka wewe mwenyewe mbele ya kamera, utazifuta sentensi ambazo ulimi unazikataa. Shule ya namna hiyo huipati darasani.

Sasa chukua tamthilia yake Betrayal in the City, uisome ukikumbuka hayo. Ilichapishwa mwaka 1976. Kuna kaburi la mwanafunzi Adika aliyepigwa risasi kwenye maandamano, kuna seli, kuna nyumba ya Regina, kuna ikulu ya Boss, mtawala wa nchi. Nchi nzima imeoza, lakini jukwaani humwoni mtu yeyote akihutubia nchi nzima. Unawaona wazee wawili wanaotaka kumfanyia mwana wao matanga, na askari wawili waliotumwa kuwazuia. Unamwona mhadhiri gerezani kwa kosa la kubambikiwa. Kila onyesho lina watu wawili, watatu, wanne, na kila mmoja anataka kitu kwa mwenzake. Ni kazi ya mtu aliyezoea vyumba vidogo vya studio.

Kisha kuna Mulili, askari ndugu yake Boss, mwenye Kiingereza kilichovunjika vipande. Kila mwaka nilipouweka mchezo huo jukwaani, wavulana waligombania nafasi ya Mulili kwa sababu ndiye anayechekesha. Mazoezini tulicheka wote. Lakini siku ya onyesho, kufikia mwisho, ukumbi ulikuwa haucheki tena. Ulikuwa umeng'amua kwamba mtu huyu asiyeweza kupanga sentensi ndiye anayeamua nani aishi na nani afe, maana anachonong'ona sikioni mwa Boss ndicho kinachofanyika. Kabito, mjumbe mwenzake katika kamati, anakufa kwa sababu ya zabuni ya maziwa na ulimi wa Mulili. Imbuga hakutueleza popote kwamba Mulili ni hatari. Alituacha tumcheke hadi tukajiona tumekuwa tukicheka kitu ambacho hakifai kuchekwa. Nimesoma michezo mingi ya Afrika na bado sijaona wengi walioweza hilo kwa ufundi wa namna hiyo.

John Ruganda, mwandishi wa michezo kutoka Uganda, alimwandikia kitabu kizima mwaka 1992 kuhusu jinsi anavyosema kweli kwa kicheko. Wapo waliomlaumu Imbuga kwa hilo. Walisema anajificha nyuma ya nchi ya kubuni, Kafira, wakati wenzake wanasema wazi. Mimi silikubali. Mapema mwaka 1977 mchezo wake na The Trial of Dedan Kimathi wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo ndiyo iliyoiwakilisha Kenya kwenye tamasha la FESTAC kule Lagos. Miezi michache kabla, kulikuwa na mvutano mkali kuhusu michezo hiyo kupewa hata siku chache katika Ukumbi wa Taifa pale Nairobi. Kabla mwaka 1977 haujaisha, Ngũgĩ alikuwa kizuizini kwa sababu ya mchezo ulioigizwa na wanakijiji wa Kamirithu. Hiyo ndiyo iliyokuwa hewa ya siku zile. Ngũgĩ alichagua njia yake na ninamheshimu sana. Lakini Kafira ya Imbuga ilikuja kuingia darasani ikiwa kitabu teule, na kijana wa kidato cha tatu hapa Vihiga akasoma kuhusu wanafunzi kupigwa risasi na wahadhiri kubambikiwa makosa, tena akaulizwa maswali juu yake kwenye mtihani wa taifa. Nani angelifikisha hilo darasani kwa njia nyingine?

Kuhusu mjane wako, tafuta Aminata. Imbuga aliandika mchezo huo kwa ajili ya mkutano wa wanawake wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Nairobi mwaka 1985, ukachapishwa 1988. Mchungaji Ngoya anamwachia binti yake Aminata kipande cha ardhi, na ukoo unakataa. Wewe ni wa ziwani, labda hujui ardhi inauma vipi huku kwetu. Kwa sensa ya 2019, Vihiga ina zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba. Baba anagawa nusu ekari kwa wana watano. Sasa simama mbele ya baba huyo umwambie binti naye apewe. Sheria ya Urithi ilikuwa imeanza kutumika tangu 1981, lakini sheria iko Nairobi na mpaka wa shamba uko hapa. Tuliigiza mchezo huo siku ya wazazi, na ulipokwisha akina baba hawakwenda kwenye chai. Walisimama nje ya ukumbi wakibishana wao kwa wao kuhusu mtu ambaye hayupo, Aminata, kana kwamba kesi yake itasikizwa kwa chifu Jumatatu. Mwalimu mkuu alikuja kuniuliza kama nina haja ya kuleta fujo. Nilimwambia nina haja ya kuleta mchezo, na hiyo ndiyo kazi ya mchezo.

Riwaya zilikuja baadaye. Shrine of Tears ni ya 1993, Miracle of Remera ya 2004. Kufikia 1993 alikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kuandika maneno ya kusemwa. Shrine of Tears inahusu sanaa ya taifa iliyoshikwa na wasioijali, na mimi huisoma kama jibu lake kwa yale ya Ukumbi wa Taifa: mambo aliyoyabeba muda mrefu na ambayo hayangeingia katika saa mbili za jukwaa. Haisomwi inavyostahili. Kila mtu amesoma Betrayal kwa sababu ya mtihani, halafu anadhani amemaliza.

Jambo jingine ambalo ningependa ulishike ni kwamba hakutupa kitu. Mwaka 1973 alichapisha The Married Bachelor. Mwaka 1989 aliirudia, akaifumua na kuiandika upya ikawa The Burning of Rags. Boss wa mwaka 1976 alirudi mwaka 1984 katika Man of Kafira, akiwa mkimbizi sasa, na Kafira ikatokea tena katika mchezo uliochapishwa 2013, mwandishi akiwa ameshazikwa. Nchi moja ya kubuni ilimchukua karibu miaka arobaini. Kwa hivyo mjane wako wa Dunga usimwone kama mchezo uliokwisha kwa sababu umeshaigizwa mara moja na shule moja.

Na la mwisho kwa leo, kwa sababu dada yako amelitaja: alikula kwa mshahara wa kufundisha. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu kwa miaka mingi. Mrabaha wa kitabu teule ni mzuri ukija, lakini kitabu huteuliwa kwa miaka michache kisha kinabadilishwa, na wengi hawateuliwi kamwe. Shikilia cherehani yako. Nakuambia hivyo kwa kuwa nataka uandike muda mrefu.

JaAsembo

Mwalimu, asante sana kwa hayo. Naongeza la kwetu. Kabla ya Imbuga kulikuwa na Mama Grace Ogot, wa Asembo. Alisomea uuguzi na ukunga Mengo kule Uganda na London, na akiwa London katikati ya miaka ya 1950 akawa mtangazaji na mwandishi wa skripti za redio wa BBC. Alifundisha wakunga Maseno, akafanya kazi ya maendeleo ya jamii Kisumu, akaja kuwa mbunge wa Gem. The Promised Land ilitoka 1966. Halafu, baada ya jina kuwa kubwa kwa Kiingereza, akageuka akaanza kuandika kwa Dholuo: Ber Wat, Miaha, Simbi Nyaima, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Miaha ikafanywa mchezo na kuigizwa huku kwetu, watu wasioshika kitabu wakaipata kwa masikio.

Nyar Manyatta, sijui mchezo wako uliuandika kwa lugha gani. Kama ni wa tamasha la shule, najua utakuwa wa Kiswahili au Kiingereza. Lakini mjane wa Dunga akimfokea shemeji yake, moyoni mwako anamfokea kwa lugha gani? Kwenye filamu unaweza kumwachia aseme hivyo hivyo, maandishi ya tafsiri yakapita chini ya picha. Shule haikukupa nafasi hiyo, kamera inakupa.

Mulili_wa_Kakamega

Nimeona Mulili ametajwa nikashindwa kunyamaza. Nilimwigiza huyo jamaa miaka kadhaa na kikundi cha kuzunguka shuleni na vitabu teule. Kakamega, Bungoma, Busia, Siaya, hadi Homa Bay. Tulikuwa tunabeba mavazi kwenye mifuko ya sukari, tunaigizia kwenye bwalo la chakula mchana kweupe, hakuna taa, hakuna pazia, harakati za wapishi nyuma yetu.

Ninachotaka kumwambia dada ni hiki. Ukiigiza mchezo uleule asubuhi kwa shule ya wasichana na alasiri kwa shule ya wavulana, unajua mstari gani ni wa mwandishi stadi. Kuna mahali watoto wanasikiliza hata kama ugali unanukia jikoni. Onyesho la seli, Jere yule askari na Mosese yule mhadhiri wakibadilishana maneno, halina kitendo chochote kikubwa, lakini halikuwahi kutuangusha. Na kuna michezo mingine, siitaji, ambayo ina risasi na mayowe na bado watoto wanaongea wao kwa wao. Kwa hivyo kabla hujampa kijana wa kamera chochote, waite waigizaji wanne, hata hapo kwenye ukumbi wa Mama Grace Onyango au chini ya mti, wausome mchezo wako kwa sauti. Wewe usiseme kitu. Angalia tu wanapokwama.

Sisi pesa zilikuwa kidogo na zilichelewa. Lakini sanaa yote ninayoijua niliipata humo, bila kuishi Nairobi.

NyarManyatta

Nawashukuru sana. Mwalimu, nimekaa na simu nikasoma jibu lako polepole, wateja wawili wakaningoja.

JaAsembo, umenishika pabaya. Niliuandika kwa Kiswahili kwa sababu ya tamasha, lakini matusi yote yalinijia kwa Dholuo, nikayapoza.

Mwalimu, nina swali jingine. Onyesho langu la kwanza jukwaani, mjane anakuja kwa jirani asubuhi anamweleza yote: jinsi mume alivyozama, jinsi alivyonunua boti kwa pesa za chama cha wanawake ambacho mjane mwenyewe alikuwa mweka hazina wake, jinsi shemeji alivyoanza kuja nyumbani kila jioni. Jukwaani lilipendwa sana, binti aliyeigiza alipigiwa makofi. Kijana wa kamera anasema hayo maneno yote yatoke. Nimekasirika lakini sijui kama ana haki.

MwalimuMstaafu_Mbale

Ana haki nusu. Kwenye jukwaa mdomo ndio unaotuonyesha kila kitu, kwa hivyo mjane lazima aseme. Filamu ina njia nyingine. Boti zenu za ziwani huandikwa majina ubavuni. Anza filamu alfajiri, shemeji akiwa na mkebe wa rangi anafuta jina lililoko ubavuni mwa boti. Mjane anafika na beseni lake, anasimama. Wasisemezane. Mtazamaji ameshajua kuna aliyekufa, kuna mali, na kuna anayeinyakua. Umeokoa kurasa tatu.

Lakini lile la pesa za chama usikubali litoke. Hilo ndilo moyo wa kisa. Boti si ya marehemu peke yake, ilinunuliwa kwa pesa za wanawake, na mjane ndiye aliyezishika. Picha ya rangi haiwezi kueleza hilo. Lazima mtu aliseme, na asilimwambie jirani mpole anayetikisa kichwa tu. Mpe mtu wa kulikataa. Mlete mwenyekiti wa chama aje kudai. Sasa mjane ana shemeji upande huu na wanawake wenzake upande ule, na kila mmoja anadai kitu cha kweli. Hapo ndipo Imbuga angekuwa ameanzia, nadhani: watu wawili katika chumba, na wote wawili wana sababu.

Yale ya mume alivyozama, na jinsi walivyoishi kabla hajazama, yaweke kando. Usiyatupe. Hayo ndiyo riwaya ambayo dada yako anaidai, na itakuja wakati wake. Mtu wa miaka mingi ya ndoa haingii katika filamu fupi.

Na kuhusu matusi uliyoyapoza: yarudishe moto wake.

Mhariri_Lanet

Salamu kutoka Nakuru. Mimi nakata picha na sauti, harusi zaidi ya filamu, ila nimeshiriki filamu fupi kadhaa na watu waliokulia jukwaani pale Nakuru Players. Watu wamezungumza sanaa vizuri kuliko ningeweza. Mimi naleta karatasi, kwa sababu nimeona marafiki wakilia.

Hakimiliki ya Kenya haingoji usajili. Ukishaandika mchezo ukauweka kwenye karatasi au kwenye simu, ni wako, na ulinzi unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa. Vitabu vya Imbuga, kwa mfano, vinalindwa hadi mwisho wa 2062, kwa hivyo hata Mulili wa Kakamega na wenzake wanahitaji ruhusa ya wenye haki. Kusajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, si lazima, lakini kunakupa ushahidi wenye tarehe. Nakushauri usajili mchezo huo kabla ya mkutano wowote na mtu wa kamera.

Kuna kifungu ambacho waandishi wengi hawakijui, nacho ndicho kinachoniogopesha kwa ajili yako. Sheria yetu inasema mtu akikuagiza kazi, haki zinahesabiwa kuwa zimemhamia yeye aliyeagiza, isipokuwa mmeandikiana vinginevyo. Kwa hivyo swali langu la kwanza: ile shule ilikuja kwako ikasema tuandikie mchezo, au ulikuwa nao tayari ukawapelekea?

Swali la pili ni la filamu. Kijana akikuambia niandikie skripti nitakulipa, na usipoandikiana naye chochote, umeshaagizwa. Skripti inaweza kuwa yake na mjane wako akaenda nayo.

NyarManyatta

Mungu wangu. Sikujua.

Mchezo nilikuwa nao tayari, niliuandika mume wa rafiki yangu alipozama, kabla sijajua habari za tamasha. Mwalimu wa ile shule alisikia kwa mtu akaja kuuomba. Nina daftari la kwanza lenye tarehe na pia nilimtumia dada yangu kurasa kwa simu wakati huo. Ujumbe bado upo.

Skripti ya filamu bado sijaanza. Kijana alisema tuanze Jumamosi.

Mhariri_Lanet

Basi uko mahali pazuri. Hilo daftari liweke pasipo na maji na huo ujumbe usiufute. Kuhamisha hakimiliki kunahitaji maandishi yenye sahihi, na hukumwandikia mwalimu kitu, kwa hivyo kusoma jina lake kwenye kipaza sauti hakukumpa mchezo wako.

Kwa Jumamosi, ukurasa mmoja unatosha kuanzia. Andikeni kwamba mchezo ni wako, kwamba unampa ruhusa ya kutengeneza filamu moja kutokana nao, kwamba skripti inabaki mali yako, jina lako litaonekana mwanzoni mwa filamu kama mwandishi, na mgao wenu ni upi ikiuzwa au ikishinda tuzo. Semeni pia riwaya na jukwaa vimebaki kwako. Wekeni sahihi mbele ya mtu wa tatu. Na muulize nani atashughulikia leseni ya kurekodi kutoka Bodi ya Uainishaji wa Filamu, kwa kuwa ufuoni Dunga kamera haifichiki na mtaulizwa. Kama ni kijana mwema hatakasirika. Wazuri wote niliofanya nao kazi walifurahi kuona karatasi.

Kipanga_wa_Milimani

Hilo la kuagizwa sikulijua hata mimi, na nimeandika vitu kwa watu huko Nairobi. Naenda kutafuta barua pepe zangu za zamani.

MwalimuMstaafu_Mbale

NyarManyatta, ukipata wasomaji wanne kabla ya Jumamosi, niambie siku. Nitashuka Kisumu, nauli ni yangu. Nitakaa nyuma na daftari, na sitasema neno hadi mmalize. Huyo mwenyekiti wa chama mwandikie kwanza, hata kama ni nusu ukurasa, ili tumsikie akidai pesa zake.